Michungwa inapukutisha vitunda saizi ya goroli, hizi homoni za kupuliza zinasaidia kweli au tunapigwa?

#1 Mgosi_wa_Kilulu
Wakuu salama. Nina shamba la michungwa huku Muheza, Valencia na Msasa zimechanganyika, mingine aliacha marehemu baba mingine nimebebesha mwenyewe juu ya mlimao. Kila mwaka maua yanatoka mpaka shamba linanukia, vuli ikinyesha vizuri matunda yanafunga, halafu ikiingia Januari lile jua la kaskazi likianza kuchoma basi ukienda asubuhi chini ya mti pamejaa vitoto vya machungwa saizi ya goroli, unatembea unavikanyaga. Sasa jamaa wa duka la pembejeo kaniambia kuna homoni, unapuliza mara moja tunda linashika mpaka siku ya kulichuma. Anazo mbili, moja kidonge anaita jibereliki, nyingine ya maji haina lebo, kaipimia kwenye chupa ya maji ya kunywa. Kanitajia bei nikajifanya simu inaita. Nani katumia akaona kwa macho yake?

#2 KahawaTungu
Nimekaa paleee nyuma na kashata zangu, ngoja waje wenye mashamba.

#3 AgroMoro
Hiyo ya kwenye chupa ya maji usiiguse hata kwa fimbo. Hilo moja.
La pili, mchungwa kupukutisha ni kawaida yake. Mti mkubwa unaweza kutoa maua laki moja na kuendelea, yanayofika kuchumwa ni asilimia moja au mbili, na mara nyingi hata hiyo moja haifiki. Mti hauwezi kulisha yote kwa hiyo unachagua. Kitunda kikikosa chakula au maji, gesi ya ethilini inaongezeka, pale kwenye kikonyo kuna mstari wa seli zinalegea zinaachia, kinadondoka. Kinachozuia pale pasiachie ni homoni inaitwa auksini, na tunda linajitengenezea lenyewe, hasa mbegu zake, ndo maana machungwa ya navel ambayo hayana mbegu yana sifa ya kupukutisha kuliko yenye mbegu. Ukipuliza 2,4-D au NAA unaongeza auksini ya dukani. Jibereliki ni kundi lingine, inakisukuma kitunda kikue kivute chakula. Kwa hiyo kitaalamu ndiyo, zinafanya kazi, wala si uganga. California wanatumia 2,4-D kwenye michungwa tangu miaka ya 1940. Swali ni kama tatizo la shamba lako ni hilo.

#4 BintiNdijani
2,4-D si ndo ile dawa ya kuulia magugu kwenye mpunga?? Sie Unguja tunaijua kwa kuua, sasa leo imekuwa ya kulea matunda? Makubwa haya.

#5 AgroMoro
@BintiNdijani hiyo hiyo. Kidogo sana inashikilia tunda, nyingi inaua. Kipimo tu.

#6 Chifu_Segera
Acheni kumtisha mtu. Binamu yangu Handeni anaweka mfuniko mmoja wa 2,4-D kwenye bomba anapuliza michungwa yake, mambo safi.

#7 HesabuKwanza
#6 futa hiyo komenti kabla mtu hajaifuata. Tupige hesabu pamoja. Ile inayouzwa madukani mara nyingi imeandikwa 720, maana yake gramu 720 za dawa yenyewe kwa lita. Kwenye machungwa wanazungumzia ppm 10 hadi 20, na ppm moja ni miligramu moja kwa lita ya maji. Bomba la lita 20 kwa ppm 20 ni miligramu 400, yaani gramu 0.4. Gawanya kwa 720 unapata kama mililita 0.55. NUSU MILILITA NA CHENJI. Mfuniko tuseme ni mililita 10, hapo binamu anaweka mara 18 ya dozi. Mtu anayejua kazi hapimi kwa mfuniko kabisa, anachukua bomba la sindano, anavuta mililita 5, anaongeza maji mpaka lita moja kamili, anakoroga, halafu kwenye bomba la lita 20 anatia mililita 110 tu za huo mchanganyiko. Hiyo inakupa ppm 20 bila kubahatisha.

#8 Chifu_Segera
Sifuti. Machungwa yake mnakula nyie hapo Dar na mnasifia matamu.

#9 KahawaTungu
Kumbe ndo maana nikila machungwa siku hizi magugu kichwani hayaoti 😂

#10 MamaShamba_Korogwe
Mimi sicheki. Kwa mjomba kibarua alichukua bomba lililotoka kupuliza magugu kwenye mahindi, akalisuuza mara moja tena na maji baridi matupu, akaweka mbolea ya majani akaingia nalo kwenye michungwa. Machipukizi yote mapya yakajikunja yakawa kama masikio ya mbuzi. Mipapai ya jirani ikapinda shingo, muhogo ukajisokota majani, kesi ikafika kwa mwenyekiti wa kijiji. Michungwa haikufa ila msimu ule hakuvuna kitu cha maana na jirani alilipwa. Yaani hiyo dawa hata mvuke na upepo wake una shida, nyanya, pamba, papai, maharage, vyote inavimaliza. Mtu akitaka kuitumia awe na bomba lake peke yake la kazi hiyo na apulize asubuhi hakuna upepo, na michungwa isiwe imetoa majani machanga.

#11 Kasee_Wa_Makueni
Habari zenu majirani. Mimi niko Makueni, nimejaribu GA3, hiyo jibereliki mnayosema, ile ya unga. Kwanza haiyeyuki vizuri kwa maji, agroveti alinionyesha unaiyeyusha kwa spiriti kidogo ndio unatia kwa maji, na maji ya kisima chetu yana chumvi sana ikabidi nitumie ya mvua kwa sababu maji makali hivyo yanaiharibu. Nilipuliza mistari ya upande wa juu ya chini nikaacha. Ukweli ile ya juu ilishika matunda mengi kuliko ya chini. Lakini sasa ngoja, yalikuwa mengi na madogo, broka alikuja akachagua kwa saizi, pesa ikatoka karibu sawa tu na toa gharama ya dawa. Na sijui kama ilikuwa dawa ama ile mistari ya juu hukaa na unyevu kuliko ya chini. So sisemi ni uongo, nasema piga hesabu ya mfukoni pia.

#12 AgroMoro
@Kasee hapo umegusa pazuri. Ukizuia vitunda visianguke, chakula ni kile kile, vinagawana. Umepuliza lini?

#13 Kasee_Wa_Makueni
Maua yakiwa yameanguka mengi hivi.

#14 AgroMoro
Basi ndo hivyo. Ukipuliza auksini baadaye, vitunda dhaifu vikishaanguka vyenyewe, inasaidia saizi kuliko idadi. Na NAA ina vituko vyake, dozi ndogo inashikilia, dozi kubwa inaangusha, kuna nchi wanaitumia makusudi kupunguza vitunda mti ukizidisha. Chupa moja kazi mbili zinazopingana.

#15 Mstaafu_Kilimo
Vijana shikamooni nyote mliokuja na chupa kabla ya kuangalia mti 😀 Nilifanya kazi ya ugani miaka mingi huko huko Tanga. Mleta mada nenda shambani kesho okota hivyo vilivyoanguka halafu utazame mambo mawili. Kwanza, kimeanguka na kikonyo chake au kikonyo na ile kofia ya kijani vimebaki mtini? Mchungwa una sehemu mbili za kuachia. Vikiwa vichanga sana vinakatikia pale kikonyo kinapoungana na tawi, vinaanguka na kikonyo. Vikishakomaa kidogo vinakatikia pale tunda linapogusana na kofia, kofia inabaki. Pili kata katikati uone ndani kuna nini. Ukishajibu ndo tuzungumze homoni.

#16 Mgosi_wa_Kilulu
Marahaba mzee, halafu shikamoo na wewe. Nitafanya.

#17 Chifu_Segera
Huyu mzee ni wa vitabuni. Sisi huku wazee walikuwa na dawa rahisi, mti ukileta ujinga unaenda na panga alfajiri na mwenzako, unaupiga makofi ya panga, unasema huu naukata, mwenzako anakusihi uache, mwaka unaofuata unabeba mpaka matawi yanakatika. Hakuna cha ppm.

#18 KahawaTungu
Na ukimtisha mkwe je anabeba?

#19 HesabuKwanza
Haha, usicheke sana, kuna kitu pale. Makofi ya panga yanakata gome. Hispania kwenye kilementaini, aina ya chenza, wanachuna gome pete nyembamba kuzunguka tawi makusudi, sukari inayotengenezwa na majani inashindwa kushuka mizizini inabaki juu kwenye vitunda, vinashika zaidi. Ila ni kazi ya kisu chembamba na mkono wa fundi, ukizidisha tawi linakauka, na kidonda ndo mlango wa ugonjwa wa gundi kwenye shina. Lile la kusihiwa na mwenzako sina maelezo nalo.

#20 Mstaafu_Kilimo
Na huku kwetu kwenye unyevu ule ugonjwa wa gundi hauchezi. Msichune magome kwa kusoma kwenye simu.

#21 Mgosi_wa_Kilulu
Nimerudi. Picha inagoma kupanda, mtandao wa huku mnaujua. Vile vidogo vya goroli vyote vina kikonyo, nimekata ndani havina kitu, vimekauka kidogo vya manjano. LAKINI yapo mengine makubwa kidogo saizi ya ndimu, haya ya ile miti ya marehemu iliyotoa maua mapema, yameacha kofia mtini, yana doa la manjano upande mmoja na katikati ya doa katobo kama ka sindano. Nimekata nimekuta funza, mmoja wa rangi ya waridi kichwa cha kahawia. Wakuu hii ni nini tena.

#22 MamaShamba_Korogwe
Inzi wa matunda huyo. Weka mitego.

#23 Mstaafu_Kilimo
Hapana mama. Funza wa inzi ni mweupe, hana miguu wala kichwa cha kuonekana, ukimweka kiganjani anajikunja anaruka. Huyo wa waridi mwenye kichwa cha kahawia ni mtoto wa nondo, nondo mwenyewe anataga juu ya ganda, mtoto akitoka anatoboa anaingia, tunda linageuka manjano kabla ya wakati linaanguka. Nondo huyo ni mwenyeji wa Afrika, anakula mapera, pilipili, pamba, parachichi. Inzi mkubwa wa kutoka Asia amekuja juzi tu, alionekana pwani ya Kenya 2003 na kwetu mwaka huo huo, na huyo anapenda tunda linalokaribia kuiva. Sasa niambieni, homoni gani itashikilia tunda lenye funza ndani? Na hata ikishikilia utamuuzia nani?

#24 MamaShamba_Korogwe
Sawa mzee lakini mimi kwangu ni inzi, nimeona wanaruka. Yawezekana wote wapo.

#25 Mstaafu_Kilimo
Wote wapo, hilo sikatai.

#26 BintiNdijani
Mie nasema mnatafuta mbali. Wekeni maji moto juu ya michungwa. Sisemi maji ya jikoni, nasema wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Kwetu mti wenye maji moto hauna wadudu wa kufyonza wala wa kutoboa wa maana, wanazunguka juu mchana kutwa wanakamata kila kinachotua. Bibi yangu alikuwa akihamisha kiota kwa upondo kutoka mwembe mmoja hadi mchungwani na anafunga kamba mti kwa mti wapite.

#27 Chifu_Segera
Na siku ya kuchuma unapanda wewe?

#28 BintiNdijani
Unapaka jivu mikononi na miguuni unapanda. Au unasubiri alfajiri bado kuna baridi. Kizazi cha siku hizi mnaogopa sisimizi.

#29 AgroMoro
Nina tatizo dogo na maji moto, wanafuga wale vidudu gamba na vidukari, wanawalinda kwa ajili ya ule utomvu mtamu, baadaye majani yanaota masizi meusi. Faida ipo, ila si bure.

#30 BintiNdijani
Masizi yanaoshwa na mvua. Funza haoshwi na mvua.

#31 Ughaibuni_Florida
Naandika kutoka Florida, nafanya kazi kwenye mashamba ya machungwa huku, nimecheka sana la panga. Huku tangu 2005 ulipogundulika ule ugonjwa wa griningi, matunda yanaanguka kabla ya kuchumwa mpaka huruma. Msimu wa 2003/04 jimbo zima walivuna makasha milioni 242 ya machungwa, msimu wa 2022/23 hayakufika milioni 16. Wamejaribu hizi homoni zote, 2,4-D ukisikia msimu huu imesaidia msimu mwingine hamna kitu, jibereliki ndo wengi wanaendelea nayo wanapuliza kidogo kidogo. Kwa sababu mti wenyewe mgonjwa, mizizi imeoza nusu, chakula hakishuki. Homoni inaomba mti kitu ambacho mti hauna. Mleta mada angalia majani, kama yana manjano ya mabaka upande huu tofauti na upande huu wa jani, na tunda limepinda halina umbo, hapo kuna jambo kubwa kuliko jua la Januari.

#32 AgroMoro
Naongezea hapo. Griningi ya kwetu ya zamani ilikuwa ya sehemu za baridi za milimani, kidudu kinachoieneza hakipendi joto. Ila yule mdudu mwingine wa Asia anayeieneza, anayependa joto la pwani, ameshafika, Morogoro aliripotiwa 2016. Kidogo sana, anakaa kwenye majani machanga ameinua mkia juu. Mkimwona msikae kimya, bwana shamba apewe taarifa, na msinunue miche ya kubebesha ya barabarani ambayo hamjui mama yake.

#33 Mgosi_wa_Kilulu
Majani hayana mabaka ya hivyo. Ila machanga mengi ni madogo, membamba, mishipa kijani katikati yake manjano, pande zote mbili sawa.

#34 Mstaafu_Kilimo
Hiyo ni zinki. Na bila zinki mti unashindwa kutengeneza hiyo hiyo auksini mnayotaka kuinunua kwenye chupa. Puliza zinki majani machanga yakishafunguka, weka samadi, funika chini ya mti kwa nyasi kavu kabla ya Desemba kuisha lakini zisiguse shina, ardhi ya kichanga ya huko ikipigwa na kaskazi mwezi mmoja inakuwa unga.

#35 Kasee_Wa_Makueni
Mimi nakubali ya maji kabisa. Jirani yangu aliweka dripu, hanunui homoni na hapukutishi kama mimi. Lakini pia yeye ana miti michanga, so...

#36 HesabuKwanza
India kule Nagpur kwenye machenza yao wanachanganya vyote, 2,4-D au jibereliki ppm 15 pamoja na yurea asilimia moja, yaani kilo moja ya yurea kwenye lita 100. Kwa hiyo hata wenyewe hawaiamini homoni peke yake, wanaipa na chakula. Angalizo, yurea ya kupuliza kwenye mchungwa iwe ile yenye biureti kidogo, yaani ule uchafu unaobaki yurea ikitengenezwa, hii ya kawaida ya mifuko ukiizoea kupuliza ncha za majani zinageuka njano.

#37 Chifu_Segera
Binamu anaweka mfuniko wa 2,4-D na kikombe cha yurea. Nilisahau kusema.

#38 HesabuKwanza
Binamu apelekwe hospitali na michungwa yake.

#39 Dalali_Mkweli
Mimi nanunua machungwa huko Muheza napakia kwenda Nairobi na Mombasa, niwape upande wa soko. Hiyo jibereliki ikipulizwa tunda linapoanza kubadilika rangi, ganda linakaa gumu na kijani muda mrefu, tunda linakaa mtini bila kulegea. Mkulima anayesubiri bei ipande inamfaa sana, maana mnajua msimu ukikolea mnavyouza kwa bei ya kutupa. Na safari ya lori ganda gumu halipasuki. Ila sokoni wapo wateja wanataka manjano, ukiwaletea kijani wanasema bichi, na machungwa yetu ya pwani hata bila dawa hayawi manjano sana kwa sababu hakuna baridi.

#40 AgroMoro
Na mchelewe mkijua, ukipuliza jibereliki ule wakati mti unajiandaa kwa maua ya msimu unaofuata, unapunguza maua. Umeshikilia ya leo umepunguza ya mwakani.

#41 MamaShamba_Korogwe
Halafu hakuna aliyeuliza kama inaruhusiwa. Chupa ya 2,4-D niliyo nayo ghalani lebo inasema mahindi, mpunga na miwa. Michungwa haimo. Dawa zinasajiliwa kwa zao, ulizeni TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla. Kesho mnunuzi akipima masalia ya dawa kwenye tunda mtajibu nini?

#42 Chifu_Segera
Nani anapima pale Segera mama, tunakatia chungwa kwa kisu abiria anakula dirishani basi linaondoka.

#43 Mgosi_wa_Kilulu
Nimesoma wote, asanteni. Nitakachofanya, haya yenye funza nakusanya yote natia kwenye mifuko myeusi naanika juani yafie humo, zinki nanunua, nyasi zipo. Jibereliki nitajaribu miti michache ya Valencia tu, ila yenye lebo na yenye tarehe, na mingine ya mstari ule ule naiacha bila kitu. Ya chupa ya maji abaki nayo mwenyewe. Maji moto kwangu wapo tayari kwenye mwembe, sijui kama nitathubutu.

#44 Mstaafu_Kilimo
Ukiweka zinki na nyasi na jibereliki kwa pamoja utajuaje kilichosaidia ni kipi?

#45 Mgosi_wa_Kilulu
Mzee mimi nataka machungwa, kujua tutajua baadaye.

#46 AgroMoro
Zinki na nyasi weka kote basi, jibereliki iwe ndo tofauti pekee. Na weka kamba ya rangi kwenye matawi machache, hesabu vitunda siku ya kupuliza, rudi uhesabu tena kaskazi ikiisha. Kuangalia kwa macho mti mzima kunadanganya.

#47 BintiNdijani
Maji moto kwanza.

#48 Kasee_Wa_Makueni
@Dalali_Mkweli Nairobi mnapeleka kwa piesi ama kwa gunia? Na mnachukua kutoka Makueni?

#49 Dalali_Mkweli
Njoo inboksi.

#50 KahawaTungu
Kahawa imeisha, machungwa sijaonja hata moja. Mgosi tenga moja la Dar linapanda basi gani?